Kumbukumbu za Funzi: namna ya kukusanya na kutunza historia ya kisiwa

Mtu akiuliza historia ya Mombasa ataelekezwa Fort Jesus. Akiuliza ya Lamu atatajiwa majina ya vitabu. Akiuliza ya Funzi, kisiwa kilicho karibu na mdomo wa mto Ramisi, kati ya Gazi na Shimoni, ataambiwa apande mashua pale Bodo, avuke, kisha amtafute mzee fulani. Jibu hilo ni sahihi, ila lina hatari ndani yake: siku mzee huyo akifariki, hakuna tena wa kuulizwa.

Mwongozo huu ni wa watu wa Funzi wenyewe: vijana, walimu, maimamu, viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi) na vikundi vya akina mama. Majirani wa Bodo, Shirazi, Gazi, Wasini na Vanga wanaweza kuutumia vilevile. Shauri lake kuu ni moja: msianze na kitabu, anzeni na daftari. Kitabu kinataka fedha, mwandishi na miaka. Daftari linaloonyesha ni kumbukumbu gani zipo, ziko kwa nani na ni za lini linaweza kufunguliwa leo jioni. Kitabu kikija kuandikwa bila daftari hilo, kitategemea uvumi.

Kwa nini sasa

Pwani ya kusini imeshaonja gharama ya kukosa karatasi. Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, waliishi miongo mingi bila vitambulisho vya taifa. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi tunaoishi nao pwani nzima, walisubiri hadi mwaka 2023. Mtu anayedai kuwa mwenyeji huulizwa maswali mawili: mmekuwa hapa tangu lini, na mna nini cha kuonyesha? Kaburi lenye jina, daftari la shule na hati ya nikaha ya babu ni majibu ambayo hayahitaji wakili kuyaeleza.

Sababu ya pili ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao mbele ya afisa wa serikali ya kikoloni. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakupata habari, wengine hawakuona sababu ya kwenda kuandikisha shamba lililojulikana na kila mtu. Mpaka leo kesi za ardhi Kwale hurudi kwenye miaka hiyo, na anayefika na karatasi au ushahidi ulioandikwa vizuri husikilizwa tofauti na anayefika na maneno matupu.

Sababu ya tatu ni lugha. Chifundi, lahaja ya Washirazi wa sehemu hizi, iliandikiwa kijitabu na H. E. Lambert mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kile alichokiandika juu ya Kivumba. Mwaka 1992 Derek Nurse na Martin Walsh walichapisha uchunguzi wao juu ya lahaja hizo mbili, wakaona zimeanza kuhama lakini hazijafa. Tangu wakati huo kizazi kizima kimekua na Kiswahili cha shule, redio na simu. Anayetaka kusikia Chifundi cha zamani amtafute mtu mzima aliyekulia kisiwani, tena amtafute mapema.

Kumbukumbu ni nini hasa

Wengi wakisikia neno historia huwaza masultani na vita. Kumbukumbu za kijiji ni pana kuliko hapo. Kwa Funzi, tafuteni haya:

Karatasi za nyumbani: hati za nikaha na talaka, hati za kuuziana minazi au mashamba, stakabadhi za kodi, vitambulisho vya zamani, barua kutoka Mombasa, Pemba, Tanga au Uarabuni, na kurasa za Kurani ambazo wazazi waliandika tarehe za kuzaliwa watoto. Nyingi za zamani zimeandikwa Kiarabu, au Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Madaftari ya taasisi: daftari la uandikishaji la shule ya msingi, lenye jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa na jina la mzazi, madaftari ya msikiti na madrasa, kumbukumbu za vikao vya vikundi, orodha za vyombo na wavuvi. Tangu kanuni za BMU za mwaka 2007, kila bandari ya wavuvi ina wajibu wa kuweka rekodi za vyombo, wanachama na samaki walioshushwa. Daftari la samaki la miaka kumi iliyopita ni historia tayari, nalo hutupwa kirahisi kuliko yote.

Vitu na mahali: makaburi ya zamani, visima, misingi ya nyumba za mawe, mibuyu yenye majina, mizimu, njia za mikokoni na maeneo ya kuvulia.

Kauli: nasaba, hadithi za kuhamia kisiwani, nyimbo za harusi na za kazi, majina ya upepo na maji, na jinsi chombo kilivyochongwa.

Picha na sauti: albamu za harusi, kanda za kaseti za maulidi, picha zilizomo kwenye simu zilizopasuka vioo.

Daftari lenyewe

Nunueni kaunta buku yenye jalada gumu. Andikeni kwa kalamu ya risasi au kwa wino usiotoka kwa maji. Kila kumbukumbu ipate namba yake na mistari saba: ni nini, inahusu nani au mahali gani, ni ya lini, iko kwa nani sasa, nani ameieleza na siku gani, imepigwa picha au kurekodiwa wapi, mwenyewe ameruhusu itumike vipi.

Huu ni mfano wa kubuni:

Namba 014. Hati ya kuuza minazi saba, ukurasa mmoja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pembe ya chini imeliwa na mchwa. Inahusu shamba lililo upande wa mashariki ya kisiwa. Mwaka 1331 wa Hijria, bei imetajwa kwa rupia. Iko kwa mjukuu wa mnunuzi, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Imesomwa na mwalimu wa madrasa mbele ya mwenye hati. Picha mbili, mbele na nyuma, zina namba 014a na 014b. Mwenyewe ameruhusu isomwe na watu wa kisiwa. Isiwekwe kwenye intaneti.

Angalieni mambo mawili hapo. Karatasi haikuhama: imebaki sandukuni kwa mwenyewe, na daftari linaonyesha mahali ilipo tu. Tena udhaifu wake umeandikwa wazi, pembe iliyoliwa na yote, ili atakayeisoma baada ya miaka thelathini ajue pembe hiyo haikupotelea mikononi mwa waliokusanya. Picha nzuri isiyo na jina wala mwaka haina msaada mkubwa. Picha ya ukungu yenye mistari saba inaweza kusimama mahakamani.

Kuzungumza na wazee

Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mwingine ashughulikie kifaa na kuandika majina. Pelekeni salamu kwanza, na siku ya kurekodi iwe siku nyingine. Chagueni saa ambayo mzee hana kazi: kwa wavuvi, wakati wa maji mafu ni bora kuliko wakati wa bamvua. Msiwasahau akina bibi. Nasaba za upande wa mama, majina ya watoto waliofariki wadogo, nyimbo, dawa na habari za nani alimwachia nani mnazi upi mara nyingi ziko kwao.

Mwanzo wa kila rekodi, sauti itaje siku, mahali, jina la anayesema na la anayeuliza. Kisha mwacheni mzee aende na njia yake. Swali la "historia ya Funzi ni ipi?" hutoa jibu fupi lililozoeleka. Swali kuhusu kitu kimoja hufungua mlango. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, kisima cha karibu na msikiti kilichimbwa lini?"

"Ah, zamani sana."

"Wakati huo ulikuwa umeshaoa?"

"Hata! Nilikuwa chuoni, sijahitimu. Tulibeba mchanga kwa makapu, na mwalimu wetu ndiye aliyesimamia."

"Na kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kilikuwa. Tena saruji ya kisima ililetwa na fundi aliyetoka kule."

Kwa maswali matatu mmepata umri wake kwa kukadiria, mwalimu mnayeweza kumfuatilia, fundi, na uhusiano wa kisiwa na kiwanda cha bara. Ulizeni daima: nani mwingine alikuwapo? Kisha mwendeeni huyo.

Wazee wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili, kila moja na jina la mwenyewe. Msilazimishe suluhu. Funzi, kama miji mingi ya Washirazi, ina masimulizi kadhaa ya asili, na kila ukoo una lake. Bethwell Ogot, aliyechapisha historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, alionyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kujenga historia ya kuaminika yakikusanywa kwa wingi na kulinganishwa. Kinachoyaharibu ni kuyapunguza hadi libaki moja.

Na andikeni maneno kama yalivyosemwa. Mzee akisema kwa Chifundi, msimsahihishe kwa Kiswahili sanifu kwenye karatasi. Maana inaweza kuandikwa pembeni.

Kupata mwaka

Wazee wengi hawahesabu kwa miaka ya Kizungu, wala hawana haja. Kazi ya kulinganisha ni yenu. Tengenezeni orodha ya matukio ambayo kila mtu anayakumbuka, muitumie kama ngazi ya kupandia miaka:

1895–1896: vita vya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi dhidi ya Waingereza. Alishindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, akafariki Dar es Salaam mwaka 1910.
1914: Wajerumani wavuka mpaka, mapigano Gazi mwezi Oktoba.
1920–1921: rupia yaondoka, shilingi yaingia.
1932: misitu ya mikoko yatangazwa kuwa hifadhi ya serikali.
1961: mafuriko makubwa.
1963: uhuru, na mwisho wa ukanda wa pwani kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina.
1964: mapinduzi ya Zanzibar.
1978: Mzee Jomo Kenyatta afariki Mombasa.
1988: kiwanda cha sukari cha Ramisi chafungwa.
1997: machafuko ya Likoni mwezi Agosti, kisha mvua za El Niño.

Ongezeni matukio ya kisiwa chenyewe: msikiti ulipojengwa upya, shule ilipofunguliwa, chombo kilichozama, jenereta ya kwanza. Mzee akisema "mtoto wangu wa pili alizaliwa mwaka wa El Niño", tayari mna 1997 au 1998.

Hati za zamani zina mwaka wa Hijria. Ili kupata mwaka wa Miladi kwa haraka, gawanyeni mwaka wa Hijria kwa 33, toeni jibu kutoka mwaka huohuo, kisha jumlisheni 622. Kwa mfano 1313: ukigawanya kwa 33 unapata karibu 40; 1313 ukitoa 40 ni 1273; ukijumlisha 622 ni 1895. Na kweli, mwaka 1313 ulianza Juni 1895 na kumalizika Juni 1896, wakati wa vita vya Mbaruk. Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa hiyo andikeni miaka yote miwili, wa Hijria kama ulivyo kwenye hati na wa Miladi mliokadiria.

Sarafu nayo husaidia: hati inayotaja rupia kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 1920. Nahodha au mkulima akitaja siku kwa hesabu ya Nairuzi, ule mwaka wa jua unaohesabiwa kwa makumi, andikeni kumi lake na siku yake kama alivyosema, kwa sababu hesabu hiyo ni elimu inayostahili kurekodiwa peke yake.

Karatasi, picha na simu

Adui wa karatasi kisiwani ni unyevu, chumvi, mchwa, mende na jua. Osha mikono, ikaushe kabisa, kisha shika karatasi kwa kuiwekea kitu kigumu chini. Usibandike gundi wala selotepu. Baada ya miaka michache hugeuka manjano na kula wino. Usipeleke hati ya zamani kupigwa laminesheni, kwa sababu joto huiunguza na plastiki haitoki tena. Iliyokunjwa kwa miaka mingi usiikunjue kwa nguvu. Ifungue kidogo kidogo mahali penye kivuli, na ikionyesha kukatika, iache. Iwekeni kwenye bahasha safi ya karatasi, ndani ya kopo au sanduku lenye kifuniko, juu ya rafu na mbali na ukuta. Mfuko wa nailoni uliofungwa hubakiza jasho na kuleta ukungu.

Kupiga picha, simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera. Weka hati juu ya kitambaa cha rangi moja karibu na mlango, kwa mwanga wa asubuhi au alasiri, bila flashi. Simu iwe sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane, na pembeni kuwe na rula na kikaratasi chenye namba ya daftari. Piga mbele, nyuma, kisha karibu kwenye mihuri, sahihi na tarehe. Usitumie programu za kurembesha rangi kwenye nakala ya kwanza.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hupunguzwa ukubwa. Itumeni kama faili au muihamishe kwa waya. Badilisheni jina la kila faili siku ileile: FUNZI-014a, FUNZI-014b. Mwishowe wekeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu ya kikundi, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya kisiwa, kwa mtu au taasisi mnayoiamini Ukunda, Msambweni au Mombasa. Nakala zote zikikaa chini ya paa moja, moto mmoja au maji mamoja hutosha kuzimaliza. Kila mwaka zifungueni muone kama bado zinasomeka.

Makaburi, visima na majina ya baharini

Kaburi lenye maandishi lipigwe picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, ili vivuli vitokeze herufi. Msipake chokaa, mkaa wala mafuta ili yasomeke. Msing'oe mimea kwa nguvu. Mizizi huondoka na plasta. Andikeni vipimo, upande lilikoelekea, na namba za mahali ambazo simu inaonyesha. Makaburi yasiyo na maandishi nayo yaandikwe, pamoja na jina la anayesema ni ya nani.

Mkikuta vigae vya vyungu, shanga, sarafu au misingi ya mawe, acheni vilipo na mtoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kupitia Fort Jesus. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inalinda mambo ya kale, na kigae kilichong'olewa mahali pake hakiwezi tena kueleza umri wa pale kilipotoka.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni bahari. Kila mvuvi wa Funzi ana ramani kichwani: majina ya miamba, mafungu ya mchanga, milango ya maji, njia za mikokoni zinazopitika kwa maji makubwa tu, na alama za nchi kavu za kulenga chombo. Kaeni na manahodha watatu au wanne, chapisheni picha ya setilaiti ya ghuba kwenye karatasi kubwa, muwape kalamu. Kwa kila jina ulizeni: samaki gani, msimu gani, kusi au kaskazi, na nani aliyepaita hivyo. Ulizeni pia kuhusu mkandaa, mkoko, mchu na mlilana: iliota wapi zamani na sasa imebaki wapi. Ramani hii itasaidia katika mipango ya uvuvi na ya mikoko. Gazi, jirani zenu, wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni ya mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, na mazungumzo ya aina hiyo huanza kwa kujua msitu ulikuwa wa nani na ulitumikaje.

Karatasi za Funzi zilizo nje ya Funzi

Serikali ziliandika sana kuhusu pwani, lakini mara chache zilitaja kijiji kimoja kimoja. Siri ya kutafuta ni majina. Msitafute "Funzi" peke yake. Tafuteni pia Ramisi, Bodo, Shirazi, Chifundi, Gazi, Wasini, Shimoni na Vanga. Wilaya nayo ilibadilika jina: kwenye faili za zamani ni Vanga, kisha Digo, kisha Kwale, na mkoa wa pwani uliitwa Seyidie.

Kwale na Msambweni: ofisi za ardhi, za uvuvi, za usajili wa vizazi na vifo, na mahakama ya Kadhi. Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Andikeni ombi kwa barua, mtaje mnachotaka kwa ufasaha, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mombasa: Fort Jesus, na taasisi ya utafiti wa Waswahili ya Makumbusho ya Kitaifa ijulikanayo kama RISSEA. Tume ya Wakfu iko Mombasa pia. Kama msikiti, kisima au shamba liliwekwa wakfu, anzieni huko.

Nairobi: Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Barabara ya Moi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo mna ripoti za kila mwaka za wilaya, faili za mkuu wa mkoa wa pwani, barua za maliwali na mamudiri, na mengi ya misitu na kodi. Bebeni kitambulisho na ada ndogo ya msomaji, na muombe orodha ya faili za Kwale na za mkoa wa pwani. Andikeni namba ya faili kwenye daftari lenu hata kama hamkupata kitu, ili mwingine asirudie safari ileile.

Zanzibar: hifadhi ya nyaraka iliyopo Kilimani ina barua za enzi ya masultani, nyingi kwa Kiarabu. Pwani ya Kenya ilikuwa milki ya Zanzibar, na mambo ya Gazi na Vanga yalifika huko.

Uingereza: hifadhi ya taifa iliyoko Kew, London, ina barua za wizara ya makoloni kuhusu Kenya kwenye mfululizo wa CO 533. Ndugu wanaoishi Uingereza wanaweza kusaidia hapa.

Kwenye vitabu, tafuteni makala ya A. C. Hollis juu ya historia ya Vumba, ya mwaka 1900. Alikuwa afisa wa serikali, na aliandika masimulizi ya madiwani, yaani watawala wa kale, wa Vumba na uhusiano wao na miji ya Washirazi. Isomeni mkijua kwamba ni masimulizi zaidi ya upande wa Vumba, kisha muwaulize wazee wa Funzi wanasemaje.

Haki ya mwenye kumbukumbu

Pwani imezoea watafiti wanaokuja, kurekodi na kutorudi. Kikundi cha kijiji kisifanye hivyo kwa majirani zake. Kabla ya kurekodi, elezeni kwa lugha nyepesi rekodi itatumika wapi, nani ataisikia, na kwamba mtu anaweza kukataa au kubadilisha nia. Kukubali kwake kurekodiwe kwa sauti au kuandikwe. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahusu majina, picha na habari za familia, na mambo ya afya, talaka na watoto yanahitaji uangalifu zaidi.

Yako mambo yasiyofaa kutangazwa kabisa: maneno ya mizimu, dawa fulani, mahali palipofichwa vitu, aibu za watu walio hai. Kwa hayo, andikeni kwenye daftari kwamba elimu ipo na iko kwa nani, basi. Sheria ya elimu ya asili ya mwaka 2016 inatambua haki ya jamii juu ya elimu yake na kuipa serikali ya kaunti kazi ya kuisajili. Mtu wa nje akitaka kutumia kumbukumbu zenu kwenye filamu, utafiti au utalii, kuwe na makubaliano ya maandishi, na nakala ya kazi yake irudi kisiwani.

Wakija wafadhili wa kunakili nyaraka, kumbukeni mfano wa Lamu. Miswada ya msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Katika mpango huo, nyaraka asili hubaki nchini mwake. Kinachosafiri ni picha. Hilo liwe sharti lenu.

Nani atunze

Daftari lisiwe la mtu mmoja, wala la mwanasiasa, wala la ukoo mmoja. Chagueni kamati ya watu watano hivi: mmoja wa msikiti, mmoja wa shule, mmoja wa BMU, mwanamke mmoja anayeaminiwa na wenzake kwa habari za nyumbani, na kijana mmoja wa kompyuta. Daftari likae shuleni au msikitini, likifungwa, na nakala yake ya picha ibaki kwa mwanakamati mwingine. Mara moja kwa mwaka lisomwe hadharani, watu wasahihishe majina na kuongeza yaliyosahaulika. Siku ya Maulidi au ya kufunga shule, watu wakiwa wamerudi kutoka Mombasa na ng'ambo, inafaa.

Kwa mwezi wa kwanza msijipe kazi nyingi. Wiki ya kwanza, undeni kamati na kununua daftari. Wiki ya pili, andikeni majina ya wazee wote waliotimiza miaka sabini, na mpange zamu ya kuwatembelea kwa kuanza na mkubwa wao. Wiki ya tatu, rekodini wawili na kupiga picha hati za nyumba tatu. Wiki ya nne, ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu mnakili kurasa za mwanzo za daftari la uandikishaji. Mkifika hapo mtakuwa na namba ishirini au thelathini zenye majina, miaka na wenyewe, na mtoto wa Funzi akiambiwa na mwalimu aandike historia ya kwao atakuwa na mahali pa kuanzia.